Mapafu: RAS. Tunapima kifua ama tunajaza tu karatasi ya transfere?

#1 DoctaMajengo (Goma)

Wakubwa kwa wadogo, salamu.

Jana usiku tumepokea kijana wa miaka ishirini na kitu, ametumwa kutoka kituo kimoja nje ya mji. Karatasi ya transfere ni safi, muhuri upo, saini ipo. Kwenye mstari wa mapafu: RAS, yaani hakuna cha kutaja. Pumzi: 20 kwa dakika. Sababu ya kumtuma: homa isiyosikia dawa ya malaria.

Nikamketisha, nikamvua shati. Sijashika hata stetoskopu, naona kifua cha kuume hakipandi kama cha kushoto. Nimehesabu pumzi dakika nzima: 34. Nikagonga mgongoni. Kushoto kunalia vizuri, kuume kuanzia ncha ya mfupa wa bega kushuka chini ni bubu. Nikamwambia aseme "moja, moja, moja" kwa sauti nzito huku nimeweka viganja mgongoni: kushoto natetemeshwa, kuume sihisi kitu. Kusikiliza, hapo hapo hewa haiingii. Hayo ni maji ya pleura, yaani yaliyojaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na sindano ikayatoa, ya njano.

Sitaki jina la kituo wala la aliyeandika, na msinitumie inbox kuniuliza. Ninachouliza ni hiki: hiyo RAS inazaliwa wapi? Na hiyo 20 je? Mbona kila mgonjwa wa Kivu anapumua 20?

#2 InfBirere (Goma)

Docta, aksanti kwa kuleta hii maneno, lakini kuya siku moja asubuhi tukae pamoja. Batu banapanga mustari mpaka barabarani, infirmier ni mumoja: njo anapima, njo anatoa dawa, njo anaandika registre, njo anajibu simu ya zone ya afya. Halafu angalia ile fishi yenyewe. Mustari ya mapafu iko urefu wa kidole. Ya tumbo vilevile. Karatasi yenyewe inaomba RAS! Ukiandika vile umeeleza hapa juu utafika mpaka nyuma ya fishi, na kule nyuma njo banaandikaka bei ya dawa.

#3 MwalimuIbanda (Bukavu)

@InfBirere mstari mfupi ni kweli, ila si sababu. Nafundisha wauguzi huku Bukavu na tatizo naliona kabla hawajafika kwenye karatasi. Mpe mwanafunzi mgonjwa wa kifua: jambo la kwanza anavuta stetoskopu shingoni. Masikio yakishaziba, macho nayo yanafunga.

Tazama, shika, gonga, sikiliza. Kutazama peke yake kunakupa nusu ya jibu. Mgonjwa anamaliza sentensi au anakata maneno vipande? Ameegemeza mikono magotini? Misuli ya shingo inavuta? Pua zinapanuka? Ncha za vidole zimevimba na kucha kupinda? Weupe wa ulimi ukoje? Msitafute ubuluu kwenye kucha za mtu mweusi, mfungueni mdomo, ulimi na ndani ya midomo ndiko unakoonekana.

Kisha bomba la hewa, pale juu kidogo ya kidari. Liko katikati? Maji mengi au hewa iliyonaswa hulisukuma kwenda upande wa pili, pafu lililosinyaa hulivuta upande wake. Halafu viganja mgongoni, vidole gumba vikutane kwenye uti, avute pumzi ndefu, uone kama vinaachana sawasawa.

Kugonga ndiko tunakokuua kabisa. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilale na kubana kwenye mwanya wa mbavu, vingine vyote viinuke visiguse ngozi. Cha kuume kipige juu ya kiungo cha mwisho, kwa kurusha kifundo cha mkono, si kiwiko, na kiondoke haraka. Gonga kulia, gonga kushoto mahali pale pale, ndipo ushuke. Aliyewahi kugonga bidoni ya lita 20 kujua maji yamefikia wapi hana udhuru.

Kwa hiyo jibu langu: RAS inazaliwa shuleni.

#4 StajeriBagira (Bukavu)

Mwalimu, swali la mtoto wa stage (mwanafunzi wa mazoezi). Maji yanafanya bubu, nimonia nayo inafanya bubu. Natofautishaje bila radio (picha ya eksirei)?

#5 MwalimuIbanda (Bukavu)

Kwa mtetemo, mwanangu. Pafu lililoganda kwa nimonia linapitisha sauti kuliko kawaida, kwa hiyo kiganja kinatetemeka zaidi, na kwenye stetoskopu pumzi inasikika kavu na karibu, kana kwamba umeiweka juu ya bomba lenyewe. Maji yanatenga pafu na ukuta wa kifua, hivyo mtetemo unakufa na pumzi inakufa. Na hewa kwenye pleura: mtetemo unakufa, pumzi inakufa, ila ukigonga kunalia kupita kiasi. Ukikosa kugonga, maji na hewa vitafanana masikioni mwako, na tiba zake hazifanani.

#6 YayaKenya (Lubumbashi)

Bantu ba Kivu, mumeanza tena kulalamika 😄 Huku L'shi mwalimu wetu alikuwa anasema Laennec, yule Mfaransa aliyevumbua kugonga kifua na stetoskopu, hakuwa na radio wala laboratwari na alijua kila kitu. Sisi tuna simu zenye tochi na tunaandika RAS.

#7 MwalimuIbanda (Bukavu)

Nusu yake ni sahihi. Stetoskopu ni ya Laennec, 1816, Paris, alianza na karatasi aliyoviringisha. Kugonga ni kwa Auenbrugger wa Austria, alikuchapisha 1761, na baba yake alikuwa na nyumba ya wageni yenye mapipa ya mvinyo, ndiko wanakosema wazo lilitoka. Karibu hakuna aliyemsikiliza mpaka Corvisart alipomtafsiri kwa Kifaransa 1808. Na huyo Laennec aliyejua kila kitu alikufa kwa kifua kikuu 1826.

#8 YayaKenya (Lubumbashi)

Sawa Mwalimu, nimekaa chini.

#9 MamaKadutu (Bukavu)

Miye si muganga, ninasomaka tu hapa juu mutoto wangu iko na pumu. Munisamehe. Mwaka jana nilikohoa sana, nikaenda mahali (sitaji), docta akaweka ile chombo juu ya kitenge, kitenge iko juu ya bluzi, bluzi iko juu ya ingine nguo juu ilikuwa baridi. Akasikiliza mbele mara mbili, akaandika. Ni vile inapimwaka? Na juu ya nini hamutuambiaka mbele mutatuvua nguo?

#10 DoctaMajengo (Goma)

Mama, umetupiga pale panapouma. Hapana, si vile. Kitambaa kikisuguana na stetoskopu kinatoa mchakacho unaofanana kabisa na ugonjwa, na nguo nene inameza sauti ya kweli. Ngozi kwa chombo. Na mgonjwa apumue kwa mdomo wazi, pumzi ndefu kidogo, apumzishwe katikati asije akapata kizunguzungu.

Kuhusu kuvua, ni haki yako kuambiwa kwanza, kuwekewa pazia, na kuwa na mama mwenzako chumbani ukitaka. Mgongo unaweza kufunuliwa huku mbele kumefunikwa. Pazia halina bei kubwa, kinachokosekana ni chumba chenyewe, vitanda vitatu hewa moja na kila mtu anatazama.

#11 StajeriBagira (Bukavu)

Hapo penye "akasikiliza mbele mara mbili"... labda ndiyo siri ya RAS ya #1. Kijana alikuwa amelala, wakasikiliza mbele tu.

#12 DoctaMajengo (Goma)

Inawezekana. Mbele unasikia zaidi sehemu ya juu ya pafu. Sehemu ya chini, ambayo ndiyo kubwa, iko mgongoni, na maji hushukia huko huko mtu akiwa ameketi. Ile ya kati ya pafu la kuume unaipata mbele chini ya titi na kwapani. Asiyemketisha mgonjwa anapima nusu ya kifua. Lakini sina uhakika, sikuwepo.

#13 KatindoNord (Goma)

Naona mmemhukumu mtu bila kumsikiliza. Mimi nina maelezo mengine: aliyeandika RAS alipima, na siku hiyo ilikuwa RAS kweli. Docta, karatasi ilikuwa na tarehe gani? Maji ya pleura yasipofika kama mililita 300 vidole havikuambii kitu. Mtu anapimwa Jumatatu, anaanza dawa ya malaria, Ijumaa familia inapata pesa ya gari, wanachukua karatasi ile ile ya Jumatatu wanapanda nayo. RAS ya Jumatatu unaisoma Ijumaa usiku halafu unafungua uzi.

#14 InfBirere (Goma)

NJO HIVYO!! Katindo, Mungu akubariki. Na barabara ikifungwa je? Karatasi inalala nyumbani na mugonjwa.

#15 DoctaMajengo (Goma)

Nimeenda kuiangalia tena. Ina tarehe ya siku mbili nyuma. Haina saa. @KatindoNord hoja yako nimeipokea, lakini kuume hakukuwa na mililita 300 tu pale, bubu ilifika ncha ya mfupa wa bega. Kwa siku mbili? Sijui kama naamini.

#16 KatindoNord (Goma)

Huamini, ila huna ushahidi. Ndiyo maana nasema saa iandikwe. Kifua si mguu uliovunjika, kinabadilika. Mtoto wa pumu anaweza kuwa na filimbi (mlio mwembamba wa pumzi) saa 14, saa 15 kifua kimya. Anayekuja baadaye akisoma "hakuna filimbi" anafurahi, kumbe kimya hicho ni hewa isiyoingia tena.

#17 MamaKadutu (Bukavu)

Eeh! Kimya ni mbaya kuliko filimbi?

#18 KatindoNord (Goma)

Kama mtoto bado anahangaika kupumua na filimbi imepotea, mama, kimbia naye. Usingoje.

#19 NgaliemaMoto (Goma)

Turudi kwenye 20. Mimi nasema 20 haitokani na uvivu. Inatokana na saa. Ukutani hakuna saa, simu ya muuguzi iko chaji kwa jirani. Unatazama kifua mara tatu nne, unaona kinaenda taratibu, unaandika namba ambayo haitamkasirisha mtu. Ya mtu mzima mwenye afya ni 12 hadi 20, basi 20 ni mpaka wa juu, salama pande zote.

#20 MwalimuIbanda (Bukavu)

Nzuri hiyo, lakini wenye saa pia wanaandika 20 😀 Kuhesabu pumzi kunachosha kwa sababu hakuna mashine inayokufanyia. Shinikizo la damu lina pampu, homa ina kipima joto, pumzi ina macho yako na dakika nzima. Na usimwambie mgonjwa mtu mzima unachohesabu, akijua anabadilisha. Shika mkono kana kwamba unahesabu mapigo, macho yawe kifuani.

#21 InfBirere (Goma)

Kwa batoto siye tunahesabu! Pale PCIME, ule mpango wa kutibu batoto bagonjwa, imetufundisha: chini ya miezi 2, 60 na zaidi ni haraka. Miezi 2 mpaka 11, 50. Mwaka 1 mpaka 5, 40. Mutoto akae kimya, hanyonyi, halii. Na kama kifua inaingia ndani, ni hospitali mara moja.

#22 KatindoNord (Goma)

@InfBirere namba zote sawa. Hilo la mwisho lilibadilika. Tangu mwongozo wa OMS (Shirika la Afya Duniani) wa 2014, kwa mtoto wa miezi 2 na zaidi kifua kuingia ndani bila dalili za hatari kinahesabiwa nimonia ya kutibiwa nyumbani kwa amoksisilini ya kunywa, na kurudi kuangaliwa. Anayepelekwa ni yule asiyenyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea, au anayetoa mlio wa koo akivuta pumzi akiwa ametulia. Mwenye VVU naye habaki nyumbani.

#23 InfBirere (Goma)

Kwetu karatasi ya ukuta ingali ya zamani. Nitauliza zone.

#24 Ndosho_Pediatri (Goma)

Nimesoma kimya kimya, sasa niongeze kesi itakayowavuruga. Mtoto wa miaka miwili, anapumua 60, pumzi za kina, ndefu, kama anayetoka kukimbia. Ukisikiliza: safi pande zote, hewa inaingia mpaka chini. Gonga: inalia. Hapo RAS ni SAHIHI na mtoto anakufa. Ni malaria kali, damu imejaa asidi, mwili unajaribu kuitoa kwa kupumua. Wengine ni upungufu wa damu mkali hadi moyo unashindwa. Na huyo wa upungufu wa damu msimngoje awe wa buluu, hemoglobini yake ni ndogo mno kuonyesha rangi hiyo.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na RAS. Nina ugomvi na RAS inayokaa mstari mmoja na pumzi 60 bila mtu kushtuka.

#25 MwalimuIbanda (Bukavu)

Hii naichukua darasani kesho. Aksanti.

#26 NgaliemaMoto (Goma)

Na kile kipima oksijeni cha kidoleni? Siku hizi kipo kila mahali tangu Covid. Mtu akiwa na asilimia 91 hapa Goma si kitu, ni mwinuko wetu. Wakimsikia 91 huko Dar wanapiga kelele, sisi tuko juu.

#27 Ndosho_Pediatri (Goma)

Hapana kabisa. Ziwa liko kama mita 1,460, mji unazunguka 1,500. Mwinuko huo unamshusha mtu mzima mwenye afya pointi moja au mbili, haumfikishi 91. Huyo wa 91 ana jambo. Chini ya 90 ni oksijeni, Goma hata Dar. Kwanza futa rangi ya kucha, pasha kidole moto, ngoja namba itulie.

#28 KatindoNord (Goma)

Na muongeze hili: utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha vifaa hivyo hukosa oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Ngozi inakidanganya kifaa, kinasoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo 92 yako inaweza kuwa 88. Wanaosema kifaa kimeua haja ya kutazama na kugonga, wafikirie upya.

#29 NgaliemaMoto (Goma)

Basi tulipewa kifaa cha kutudanganya. Sawa.

#30 YayaKenya (Lubumbashi)

Mi nilete ya kwetu. Muko na volkano, siye tuko na vumbi. Bale benye kuchimba, papa mwenye miaka mingi ndani ya shimo, anakuja na kukohoa na kuchoka. Ukimpima kifua: hakuna kitu. Naapa, hakuna kitu, hewa inaingia, hakuna krepitanti (zile sauti za kukatikakatika), inalia sawa. Radio yake sasa, imejaa madoa juu pande zote. Ni silikosi. Mawe yamekaa ndani kimya. Halafu vumbi hilo linamfungulia kifua kikuu mlango. Kwa hiyo bale munasema RAS ni uvivu, mimi naona ingine ni mpaka wa vidole na masikio yetu. Nafasi ya kuandika KAZI ya mgonjwa njo iko wapi kwenye fishi?

#31 DoctaMajengo (Goma)

Kweli fishi yetu ina "kabila" na haina maswali ya vumbi. Hata moshi wa makaa haumo. Mama anayepika ndani ya chumba kimoja miaka thelathini anaandikwa "havuti sigara", tunafunga mlango.

#32 BulengoBoy (Goma)

Na mazuku? Babu yetu alikohoa sana akafa, tulisema mazuku. Kuna mlio wake kwenye stetoskopu?

#33 Ndosho_Pediatri (Goma)

Pole, kaka. Mazuku ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayokusanyika kwenye mabonde na mashimo kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina harufu, inakosesha oksijeni, mtu anaanguka haraka. Haileti kikohozi cha miezi. Kile kinachowasha koo na kuwaamsha wenye pumu upepo ukigeuka ni moshi wa volkano ya Nyiragongo, wenye salfa. Kikohozi cha miezi cha mzee kilipaswa kupimwa makohozi CSDT, kituo cha kupima na kutibu kifua kikuu.

#34 BulengoBoy (Goma)

Hatukujua. Aksanti.

#35 StajeriBagira (Bukavu)

Turudi kwenye kuandika tafadhali, mimi kesho niko gardi (zamu). Niandike nini mahali pa RAS?

#36 KatindoNord (Goma)

Kwa kijana wa #1 ningeandika hivi:

"Saa 21:10. Ameketi, hajawekewa oksijeni. Pumzi 34, oksijeni ya kidole 92. Anaongea sentensi nzima. Kifua cha kuume hakipandi vizuri. Bomba la hewa katikati. Nyuma kuume bubu kuanzia ncha ya mfupa wa bega hadi chini, mtetemo hakuna, hewa haisikiki. Kwingine hewa inaingia vizuri, hakuna krepitanti, hakuna filimbi."

Usiandike tu ulichopata, andika ulichotafuta ukakikosa. "Hakuna filimbi" inaniambia ulisikiliza filimbi. RAS hainiambii hata kama ulimvua shati. Sauti usiipe jina la kifahari kama huna hakika: sema ni ya kukatikakatika au ya mfululizo, wakati wa kuvuta au kutoa, wapi, na inaondoka akikohoa au inabaki. Usichokipima andika hukukipima, na kwa nini. Na hiyo oksijeni 92 niliibuni kwa mfano, Docta hakuitaja.

#37 InfBirere (Goma)

Katindo, ni muzuri. Lakini hesabu hiyo mistari. Sasa zidisha na batu bale benye kungoja inje. Utanipa mutu wa kuandika?

#38 MwalimuIbanda (Bukavu)

Chora! Mapafu mawili, kila moja mstari uliopinda, piga mistari palipo bubu, weka nukta penye krepitanti, alama ya x pasipoingia hewa, saa pembeni. Kalamu ya Bic inamaliza haraka kuliko sentensi, na anayepokea Goma au Bukavu anaelewa lugha yoyote aliyosomea.

#39 YayaKenya (Lubumbashi)

Na bale benye kuchora mapafu kama mihogo miwili?

#40 MwalimuIbanda (Bukavu)

Mhogo wa kuume na mhogo wa kushoto, mradi wameandika upi ni upi. Kumbuka kulia kwa mgonjwa, si kwako! Hilo nalo linaleta vita.

#41 DoctaMajengo (Goma)

Hapo tumefika pazuri ila bado sijaridhika. Nimepigia kituo. Muuguzi ni mtu mzima, anaheshimika, ana miaka mingi kazini. Amesema alimpima mbele na nyuma, ameketi, na hakusikia kitu. Nikamuuliza aligonga? Akasema, "Docta, stetoskopu yenyewe upande mmoja hausikii, utando umepasuka tangu zamani."

#42 InfBirere (Goma)

😶 Sasa mumeona.

#43 MwalimuIbanda (Bukavu)

Kugonga hakuhitaji utando.

#44 KatindoNord (Goma)

Na kuhesabu pumzi pia hakuhitaji. Lakini bado hajajibu lini maji yalijaa.

#45 InfBirere (Goma)

Muache mzee apumzike, mumusaidie. Nani anajua utando unapatikana wapi? Pale Birere banauza stetoskopu nzima nzima, ya bei rahisi, haisikii hata mapigo ya mbuzi.

#46 Ndosho_Pediatri (Goma)

Usinunue nzima. Chukua filamu ya radio ya zamani, iloweke kwenye maji ya Javel (dawa ya kung'arisha nguo) mpaka rangi nyeusi itoke, ioshe, ikauke. Weka kile kizingo cha stetoskopu juu yake, chora kwa kalamu, kata kwa mkasi mkali kwa kufuata ndani ya mstari, kisha ikaze chini ya kizingo. Ikikaa legelege kata nyingine. Tumetumia hivyo miaka.

#47 StajeriBagira (Bukavu)

Huku kwetu radio zimeshakuwa za kompyuta, filamu nitaitoa wapi?

#48 YayaKenya (Lubumbashi)

Kuya L'shi. Kabati ya radio ya zamani ya ba-papa ba mgodi iko imejaa, bana ba mukubwa mumoja wanaitafutia mahali pa kutupa. Sema tu munataka ngapi, niulize.